Daftari Lililobaki Mezani

Lilikuwa mezani, jalada la bluu, kona zimekunjamana, jina limeandikwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikosea herufi. Daftari la hesabu. Mwenyewe alishatoka dakika kumi nyuma. Mimi nilikuwa natafuta funguo, na mkono wangu ukaanza kulifuata lile daftari kabla sijaamua lolote.

Ulikuwa umezoea. Mwaka mzima nilikuwa tarishi wa mwanangu: leo daftari, kesho sweta, keshokutwa fomu iliyotakiwa kurudishwa wiki iliyopita. Mlinzi wa getini shuleni kwake alifika mahali akiniona kwa mbali ananyoosha tu mkono apokee, haulizi nimefuata nini. Na kila nilichopeleka asubuhi nilikilipizia jioni kwa hotuba. "Hivi kichwa chako huwa unakiacha wapi? Nitakufuata mpaka lini?" Mara mbili, na sitaki kujifanya mwema hapa, hotuba iliishia kwenye kofi. Kesho yake akasahau kingine.

Siku ile nililiacha. Ningependa kusema niliongozwa na busara, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechelewa kazini, basi. Kutwa nzima moyo haukutulia.

Jioni aliingia, akavua viatu kimyakimya, akaenda moja kwa moja mezani. Akalichukua daftari, akalitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Ndipo akanigeukia.

"Mama, mbona hukuniletea?"

"Nililiona. Nikasema ni daftari lako."

Akaniangalia kama mtu aliyepokea barua ya uhamisho. Kisha akanisimulia: hesabu alizifanya kwenye karatasi ya kuomba kwa mwenzake, na mapumziko yote akakaa darasani akizinakili upya, wenzake wanapiga mpira chini ya dirisha. Alikuwa na miaka 9. Mimi hotuba yangu ilikuwa tayari kooni, ya moto kabisa, nikaimeza. Ingemwambia nini ambacho lile dirisha halijamwambia?

Niseme pia kwamba mimi ni mwalimu, wa madarasa ya chini, kwa miaka mingi. Kwa hiyo aibu yangu ilikuwa ya pande mbili: niliyokuwa nakosea nyumbani ndiyo niliyokuwa nakosea darasani, tofauti ni kwamba darasani nilikuwa na watoto wengi zaidi wa kuwakosea.

Kiswahili kina mtego wake katika jambo hili. Adabu na adhabu zinatenganishwa na herufi moja, na midomoni mwetu hata hiyo moja imeshafutika. "Nitakutia adabu" si ahadi ya mafunzo. Mtoto akiisikia anatafuta mlango. Lakini maneno mawili yaliyonifikirisha zaidi ni kuwajibika na kuwajibishwa. Kuwajibishwa kunatoka nje: kuna mtu amekushika, anakudai. Kuwajibika kunatoka ndani, mwenyewe unaona kwamba jambo hili liko mikononi mwangu na nisipolifanya halitafanyika. Mwanangu alikuwa amewajibishwa mwaka mzima, asubuhi na jioni, na hakuwahi kupata hata siku moja ya kuwajibika. Ningempa saa ngapi? Kazi yote ya kukumbuka nilikuwa naifanya mimi. Yeye kazi yake ilikuwa kuvumilia kelele, na aliiweza vizuri sana.

Wazo hili si jipya. Daktari wa Vienna Alfred Adler, aliyefariki mwaka 1937, alishikilia kwamba tabia mbaya ya mtoto mara nyingi ni njia iliyopotoka ya kutafuta nafasi yake miongoni mwa watu. Mwanafunzi wake Rudolf Dreikurs aliliingiza wazo hilo majumbani na madarasani akiwa Marekani, na ndiye aliyetupa ile tofauti ambayo walimu wengi wamekutana nayo chuoni wakaisahau: kuna matokeo yanayokuja yenyewe, na kuna matokeo yanayopangwa na mtu mzima lakini yakahusiana na kosa. Ukiacha sweta, unasikia baridi. Hilo linakuja lenyewe. Ukichora ukuta, unashika kitambaa unafuta. Hilo limepangwa, ila mtoto anaona kwa macho yake linakotoka. Ukichora ukuta ukapigwa, au ukanyimwa kwenda kucheza Jumamosi, hapo uhusiano umekatika, na mtoto anabaki na somo moja tu: mkubwa amekasirika.

Mambo yanayokuja yenyewe yana mipaka, na hapa naomba tusitaniane. Humwachi mtoto ajifunze barabara kwa kugongwa, wala moto kwa kuungua. Humwachi ajifunze pale anayeumia ni mwenzake. Na kuna matokeo yaliyo mbali mno kwa akili ya mtoto: asiyepiga mswaki leo ataoza jino baada ya miaka, na miaka kwa mtoto ni hadithi. Huko mkubwa anasimama, anasema hapana, na hapana inabaki kuwa hapana.

Kwa sababu kuna watu wakisikia malezi yasiyo na kipigo wanaona mtoto amekaa juu ya kichwa cha mzazi. Sivyo. Mtafiti Diana Baumrind, tangu miaka ya 1960, alitofautisha mzazi mkali asiyesikiliza, mzazi anayeachia kila kitu, na wa tatu, yule mwenye msimamo na upole kwa pamoja, anayeweka mpaka kisha akaeleza sababu. Wengi wetu tunajidhani ni wa tatu. Mimi nilikuwa wa pili asubuhi, nabeba madaftari, na wa kwanza jioni. Mtoto alikuwa analelewa na watu wawili wenye sura moja.

Wahenga walisema mcha mwana kulia hulia yeye. Methali hii imetetea fimbo nyingi, hata mimi nimewahi kuitumia hivyo mbele ya wazazi. Lakini isome tena taratibu. Haisemi mlize mwanao. Inasema usiogope akilia. Mzazi anayekimbiza daftari shuleni ndiye hasa anayeogopa mwana kulia, na yule anayemwacha akakose mchezo wa mapumziko, jioni akampokea bila kumsimanga, ndiye aliyeielewa methali.

Kuhusu fimbo yenyewe sitaandika mengi, maana ushahidi umeshajaa. Mwaka 2016 watafiti Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti 75 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, wakakuta kuchapwa kunaambatana na ukorofi zaidi, matatizo zaidi ya kihisia na uhusiano mbaya zaidi na wazazi. Wapo wanaobisha kwamba huenda watoto wakorofi ndio wanaochapwa zaidi. Hoja hiyo nimeisikia na si ya kijinga. Ila hata ukiikubali, fimbo haijathibitishwa kuwatoa huko kwenye ukorofi. Sweden ilipiga marufuku kuchapa watoto hata nyumbani mwaka 1979, ya kwanza duniani. Miaka 10 baadaye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, katika ibara ya 28, ukazitaka nchi zihakikishe nidhamu ya shule inalinda utu wa mtoto. Na bado hakuna mkutano wa wazazi unaopita bila mmoja kunivuta pembeni: "Mwalimu, wewe mchape tu, mimi nimekuruhusu." Huwa namjibu, "Mzazi mwenzangu, ukishanipa hiyo ruhusa, mtoto atajua kuna kazi ambayo wewe imekushinda." Wengine hucheka. Wengine hawanisalimii tena.

Linalonivutia zaidi ni jinsi adhabu inavyoweza kumwondolea mtu wajibu badala ya kumwongezea. Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 jaribio lililofanyika Haifa, Israeli, katika vituo 10 vya kulelea watoto. Wazazi walikuwa wakichelewa kuja kuwachukua wana wao. Vituo 6 vikaweka faini ndogo. Wachelewaji wakaongezeka, karibu mara mbili. Awali mzazi aliyechelewa alimwonea haya mwalimu aliyekuwa anamsubiri. Sasa alikuwa analipia. Faini ilipoondolewa, haya haikurudi.

Nilipolijua hilo nikawakumbuka vijana wangu wa nyuma ya darasa. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa haandiki kazi ya nyumbani, na adhabu yake ilikuwa kufagia. Anafagia vizuri, anapiga mluzi, anamaliza, anaondoka. Tulikuwa hatudaiani. Alikuwa amelipa.

Basi nikaamua kubadilisha, na kama kawaida ya aliyeokoka jana, nikazidisha. Nikatangaza kwamba darasa litatunga kanuni zake lenyewe. Tulikuwa na katoni la vitabu vya hadithi pale pembeni, vitabu vichache, vimechoka, na kila wiki kimoja kinarudi bila jalada. Nikawauliza: anayeharibu kitabu afanywe nini? Nilitegemea huruma. Mkono wa kwanza: "Viboko kumi, Mwalimu." Wa pili: "Afukuzwe shule." Wa tatu, msichana mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti: "Asisome kitabu tena maisha yake yote." Wengine wakampigia makofi.

Mwanasaikolojia Jean Piaget aliyaona haya huko Uswisi. Alikaa na watoto wanaocheza gololi akawauliza kanuni zimetoka wapi na kama zinaweza kubadilishwa, na mwaka 1932 akaandika kwamba wadogo huziona kama amri zisizoguswa kutoka kwa wakubwa, na kwao adhabu ya haki zaidi ndiyo iliyo kali zaidi. Kadiri wanavyokua na kucheza wenyewe kwa wenyewe ndivyo wanavyoanza kuona kanuni kama makubaliano, na kosa kama kitu cha kurekebishwa. Kwa hiyo ukiwaachia tu watoto watunge sheria, utapata mahakama ya kutisha. Uhuru peke yake hautoshi. Mkubwa ana kazi ya kuuliza swali la pili.

Swali langu la pili lilikuwa hili: "Sawa, tumemchapa kumi. Kitabu je?" Darasa likatulia. Kweli, kitabu bado kimechanika. Mjadala ulichukua vipindi viwili na hesabu za siku ile hazikufundishwa, lakini tulitoka na daftari la kuazima, jina na tarehe, wasimamizi wawili wa zamu kila wiki, na kanuni moja: aliyekiharibu atakitengeneza, na kama hawezi peke yake aombe msaada. Neno "aombe msaada" aliliongeza yule yule wa viboko kumi. Sijui alikuwa anamfikiria nani. Nashuku alikuwa anajifikiria mwenyewe.

Nyumbani mambo yalikwenda polepole zaidi, kwa sababu nyumbani sina kengele wala ratiba, na kwa sababu mtoto wangu wa pili, binti, alikuwa na miaka 3 na alitaka kufanya kila kitu. Anataka kufagia. Anataka kubeba jagi. Na mimi, kama walivyo wazazi wengi wenye haraka, "Toka hapo, utamwaga." Watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kwamba hata watoto wa mwaka mmoja na nusu humwokotea mtu mzima kitu kilichomdondoka, bila kuombwa, bila kushukuriwa. Hiyo hamu inakuja nayo mtoto. Halafu sisi tunamfukuza jikoni akiwa na miaka 3, tunamwita mvivu akiwa na 12.

Na tukishaona hamu imekufa, tunajaribu kuinunua. Watafiti hao hao waliwapa baadhi ya watoto wa miezi 20 zawadi kila waliposaidia. Zawadi zilipokoma, watoto hao walisaidia kidogo kuliko wenzao ambao hawakuwahi kupewa kitu. Miaka mingi kabla, mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake waliwaahidi cheti watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Walichora wakapata vyeti vyao. Wiki moja au mbili baadaye, walipoachiwa rangi bila ahadi yoyote, walizigusa kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Nyota za karatasi zilikuwa zimejaa ukutani kwangu wakati nasoma hayo. Sikuzibandua siku hiyo hiyo, niseme ukweli, nilikuwa nimezinunua nyingi.

Binti nikamwachia jagi. Jagi dogo, nusu ya maji. Siku ya nne likamponyoka. Maji yakaenda mpaka chini ya kabati, naye akasimama ameinua mabega, macho kwenye uso wangu, anasubiri ajue limempata jambo gani: dogo au kubwa. Sekunde ile ni ya mzazi. Nilivuta pumzi nikauliza, "Sasa tufanyeje?" Akaenda kuleta kitambaa. Alichokileta kilikuwa khanga yangu nzuri kabisa, na akaanza kufuta kutoka pembeni kuja katikati, yaani anayasambaza zaidi. Nikapiga magoti nikamwonyesha kukunja, kuweka, kukandamiza, kukamua. Mara mbili mimi, mara ya tatu yeye. Nilitumia dakika kumi kwa kazi ya dakika moja. Khanga ilifuliwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nusu ya kile tunachokiita ukaidi ni kutojua. "Kasafishe chumba chako" kwa mtoto wa miaka 6 si maagizo, ni fumbo. Aanzie wapi? Chumba kikiwa safi kinafananaje? Mwanangu mkubwa nilimkuta mara amekaa katikati ya vitu vyake analia, nami nilikuwa nimeshaandaa maneno kuhusu uvivu. Tukaanza upya: nguo kwanza, zote, kwenye kikapu. Halafu vitabu. Halafu vilivyobaki. Baada ya wiki chache alikuwa anajisemea mwenyewe kwa sauti ya chini, "nguo, vitabu, vilivyobaki," kama mtu anayesoma dua.

Liko jambo moja zaidi, na hili ndilo linalonigharimu. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake waliwaweka watoto wadogo 28 katika jaribio lile maarufu la kusubiri peremende: ukisubiri utapata mbili. Ila kabla ya hapo, mtu mzima aliwaahidi vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Kwa nusu yao alivileta. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu akiomba radhi. Waliotimiziwa ahadi walisubiri peremende kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliovunjiwa, dakika 3. Siku zote tulidhani tunapima nidhamu ya mtoto. Kumbe alikuwa anatupima sisi, na hesabu zake zilikuwa sahihi.

Nikajihesabia ahadi zangu. "Nakuja sasa hivi." "Jumapili tutakwenda." "Ukirudia tena utaona," na akirudia haoni kitu. Mtoto anaishi ndani ya maneno yetu, na yangu yalikuwa yanavuja. Kwa hiyo nyumbani kwetu naahidi machache siku hizi, na nikivunja nasema nimevunja, natengeneza, kwa kanuni ile ile ya katoni la vitabu. Mara ya kwanza nilipomwomba mwanangu radhi kwa lile kofi, miezi mingi imeshapita, alinijibu, "Nilishasahau." Alikuwa hajasahau. Niliiona shingo yake.

Bado anasahau vitu, kwa taarifa yenu. Mara chache zaidi, lakini anasahau. Kukumbuka na kupanga ni kazi za sehemu ya mbele ya ubongo, na hiyo inaendelea kukomaa mpaka mtu anapokaribia miaka 25. Nimeacha kungoja muujiza.

Kule darasani, mvulana wa kufagia kwa mluzi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvunja kanuni. Alirudisha kitabu ukurasa mmoja umechanika wote, ameukunja mfukoni. Wasimamizi wa zamu wakamtazama, wakanitazama mimi, mimi nikatazama ubao. Akaomba selotepu. Akaomba na msaidizi, na msichana yule mpole, aliyetaka watu wanyimwe vitabu maisha yao yote, akaenda kumshikia karatasi. Walikaa mapumziko yote, vichwa vimegusana, ulimi wa mvulana umetoka nje kwa umakini. Waliubandika ukurasa juu chini.

Hakuna aliyeubandua. Kitabu bado kipo kwenye katoni na bado kinaazimwa. Ukifika ukurasa wa 31 inabidi ukigeuze, usome, halafu ukigeuze tena uendelee na hadithi.